Tulishukia Mazeras

(Maneno haya yalisemwa katika kipindi cha asubuhi cha redio. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale waliotuomba wayasome.)

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni kando ya moto, dukani mkifungua milango, au kitandani hospitalini mkingoja daktari, nawasalimu nyote. Dakika zetu ni chache, na leo nataka kuzitumia kwa kuwasimulia safari. Haikuwa safari ya mbali wala ya gharama kubwa. Lakini niliifunga nikiwa na deni moyoni, na deni hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusema nanyi.

Mwenye Biblia karibu naye na afungue Injili ya Yohana, sura ya 4, kuanzia mstari wa 35 hata wa 38, pale Bwana Yesu anapowaambia wanafunzi wake habari za apandaye na avunaye, ya kuwa huenda wakawa watu wawili mbalimbali. Asiye na Biblia na asikilize tu.

Miaka ishirini na sita iliyopita, nikiwa kijana mwenye sauti kubwa na viatu vipya, nilipelekwa kuwa mwinjilisti katika kanisa dogo la mabati, sehemu kavu ya Ukambani. Sitalitaja jina lake. Jumapili njema tulikuwa watu ishirini. Mvua ikikosa tulikuwa wanane, maana wengine walikuwa wametoka alfajiri na punda kutafuta maji. Nilihubiri miaka mitatu. Mwaka wa tatu nikaandika barua kuomba nihamishwe. Katika barua ile niliandika kwamba udongo wa mahali pale ni mwamba mtupu, na ya kuwa kwa miaka mitatu sikuona hata mche mmoja ulioota.

Barua ilisomwa mbele ya baraza la kanisa. Sikujua kwamba ingesomwa kwa sauti. Na katika baraza lile, kwenye benchi la nyuma, alikuwa ameketi mzee wa kanisa letu, mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe mpaka akabatizwa, akapokea kipaimara, akawa mwalimu wa watoto. Hakusema neno. Siku nilipoondoka alinibebea sanduku langu mpaka kituo cha basi, mwendo wa saa mbili. Hapo pia hakusema neno juu ya barua. Nikaenda mjini, kwenye kanisa lenye vipaza sauti na kwaya tatu. Yeye akabaki.

Basi mwaka huu alinipigia simu kwa mkono wa binti yake. Macho yake yanakwisha. Daktari amemwambia ni presha ya macho, na ya kuwa kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ni za kushikilia kilichobaki. Akaniambia, "Mwalimu, ulipokuwa ukitufundisha, ulituambia habari za Rabai kama mtu aliyefika. Nipeleke nikapaone kabla mlango haujafungwa."

Nikaona haya. Mimi sikuwa nimefika Rabai.

Tulipanda basi la Mombasa, mimi na yeye, mwezi wa saba. Ninyi mnaosafiri barabara ile mnajua jinsi watu wanavyokaa garini wakiingoja bahari. Watoto huuliza bahari iko wapi tangu Voi. Tulipofika Mazeras, kama kilomita ishirini kabla ya Mombasa, nikamwomba kondakta atushushe. Akatutazama kwa huruma. "Wazee, Mombasa bado!" Nikamwambia twajua. Abiria mmoja akasema kwa sauti kwamba labda tumeishiwa nauli, na basi zima likacheka, na Mzee wangu akacheka kuliko wote.

Wageni wengi waendao pwani hupita pale pasipo kugeuza shingo. Hukimbilia mchanga wa Diani na Nyali, au Ngome ya Yesu, au Malindi, na siwalaumu. Bahari ni kazi ya mikono ya Mungu. Lakini ukiiacha barabara kuu pale Mazeras na kufuata njia ya upande wa kaskazini kwa kilomita chache, unafika katika mji mdogo uliokaa juu ya kilima kati ya minazi, na hapo ndipo Rabai. Tulikwenda kwa tuktuk. Kijana mwenye kuiendesha alituuliza tunakwenda mazishini kwa nani, maana kwa fikira zake wazee wawili waliovaa koti siku ya Jumanne hawawezi kuwa na shauri jingine.

Mji wenyewe ni mtulivu. Kuna maduka yenye vitu vya kila siku, mama wanaouza mahamri na mbaazi, wanafunzi wenye sare, ofisi za serikali, pikipiki zinazongoja abiria chini ya mti. Na minazi, ndugu zangu, minazi kila upande. Mnazi katika nchi ile si pambo. Huko watu hukuna nazi kwa chakula, husuka makuti ya kuezekea, hukausha mbata, hufagia kwa fagio za vijiti vyake, na ndiyo, hugema tembo pia. Nami sitawaficha jambo hilo kwa kuwa niko redioni. Tulimwona mgema akipanda na kibuyu chake kiunoni. Namaanisha kwamba mimi nilimwona. Mzee alisikia tu kisu kikigonga kule juu, akauliza, "Nani anapiga hodi mbinguni?"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Yeye huona kilicho mbele yake kama mtu achunguliaye kwa tundu la ufunguo. Pembeni ni giza. Ilinilazimu niwe macho yake. Nami niwaambieni, hakuna jambo linalomfanya mtu atazame kama kuulizwa na asiyeona. Kuta za rangi gani? Watu wanavaa nini? Nyuma ya nyumba ile kuna nini? Katika maisha yangu nimepita miji mingi sana ambayo sikuiona.

Tulikaa kwa mama mmoja tukanywa chai. Aliposikia kwamba tumetoka Ukambani alifurahi, akatuambia kwamba kuna jamaa za Kikamba hapo tangu zamani za babu, wengine hawajui tena lugha yao. Mambo hayo ni kweli. Wakamba walishuka pwani kabla ya mzungu yeyote kupanda Rabai, kwa ajili ya biashara ya pembe na kwa sababu ya njaa, wakakaa karibu na Warabai na Waduruma. Mzee alikaa akifikiri, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa majirani wa Habari Njema, na hatukujua."

Sasa niwape habari zenyewe kwa ufupi, maana wengine walizisoma shuleni na kuzisahau, na wengine hawakuzisoma kamwe.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza kiitwacho CMS, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Katika mwezi wa saba wa mwaka ule ule, mkewe Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa naye. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf alikuwa ameanza mwaka ule kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliendelea. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka 1850, na kamusi yake kubwa ilichapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Maneno mengi ninayoyasema nanyi sasa, yeye aliyaandika kwa kalamu pale, akimwuliza huyu na yule.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Mwezi wa nane walipanda Rabai pamoja, wote wawili wangali wadhaifu kwa homa, wakipokezana punda mmoja. Hapana shangwe wala tarumbeta. Na hapa nataka kuwataja watu ambao vitabu vyetu vya kanisa huwapita upesi, nao ni wazee wa Rabai. Wao ndio waliowakubali wageni hawa na kuwapa mahali pa kukaa, wageni wagonjwa wasio na jeshi wala mali. Krapf aliandika maneno makali juu ya desturi za wenyeji, na mengine, kwa maoni yangu, hayakuwa ya haki. Lakini wenyeji walimwachia akae. Karibu na mji kuna misitu ya kaya, mahali palipokuwa boma la wahenga wao: Mudzi Mwiru, Bomu, Fimboni na Mzizima. Mwaka wa 2008 UNESCO iliiandika misitu hii pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Huingii humo ila kwa ruhusa ya wazee. Sisi tuliitazama kwa mbali, tukavua kofia kama vile mtu avuavyo kofia akipita mbele ya nyumba ya aliyemkaribisha babu yake.

Krapf alikuwa mtu wa safari. Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima ambao nchi yetu ina jina lake. Rebmann alikuwa amekwisha kuiona Kilimanjaro tangu Mei 11, 1848, akisafiri na kiongozi wake Bwana Kheri, na silaha yake ilikuwa mwavuli. Akaandika kwamba juu ya mlima ule kuna theluji. Huko London alikuwako mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hii, naye akasema haiwezekani, theluji karibu na ikweta! Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya msafiri mwingine, von der Decken, kuupanda mlima huo kiasi na kuthibitisha. Nilipomweleza Mzee jambo hili tukiwa njiani, alisimama. "Yaani aliona, akaambiwa hakuona." Nikasema ndiyo. Akasema, "Endelea."

Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Na hapa ndipo habari ya Rabai inapokuwa ngumu kuisimulia, hasa kwa mhubiri wa kanisa kubwa. Alikaa miaka ishirini na tisa kwa jumla, wala hakurudi Ujerumani hata mara moja. Mkewe alikufa mwaka wa 1866. Wasafiri mashuhuri walipita pwani, wakapata sifa, wakaenda zao. Yeye alikuwa akikusanya maneno. Alikaa na mtu mmoja jina lake Salimini, aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka nchi ya Nyasa, akaandika kamusi ya lugha ya nchi hiyo ambayo yeye Rebmann hakufika kamwe. Na waumini? Wa kwanza alikuwa kiwete, Mringe, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Alikuwako Abe Gunja na jamaa yake. Bwana mkubwa wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipotembelea Rabai mwaka wa 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann mzee, karibu kipofu, pamoja na Wakristo wa kuhesabika kwa vidole.

Wakristo wa kuhesabika kwa vidole, baada ya miaka karibu thelathini. Na mimi niliandika barua baada ya miaka mitatu.

Mwaka wa 1875 walimpeleka kwao. Hakuweza kusafiri peke yake kwa sababu ya macho. Aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Rebmann alikufa huko mwaka uliofuata, 1876.

Sasa tulikuwa tumefika kanisani. Kanisa la Mtakatifu Paulo, la Kianglikana, lilijengwa mwaka wa 1887. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na minne baada ya wale wa kuhesabika kwa vidole, ilibidi kujengwe nyumba kubwa. Watu walitoka wapi? Ni jambo ambalo Rebmann hangalikisia. Walikuja watumwa. Wengine waliokolewa baharini kutoka katika majahazi, wakalelewa India, wakarudi pwani hii wakiwa wanajua kusoma, kuhunzi na useremala. Wengine walitoroka katika mashamba ya pwani usiku, wakapanda kilima wakitafuta mahali ambapo hapana pingu. Mwenye kuwachunga pale alikuwa Mwafrika, William Jones, aliyekuwa mtumwa yeye mwenyewe utotoni. Mabwana wa watumwa walikuja kudai mali yao. Misheni ilibanwa kati ya sheria za wakati ule na wanadamu waliokuwa wamesimama mlangoni. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 ilitolewa hati ya uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni, na wengi wao walikuwa wa hapo Rabai, baada ya mabwana wao kulipwa fidia.

Jones huyu ndiye aliyefuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda, waliyoianza kutoka Rabai mwezi wa saba, 1885. Askofu alimwacha njiani, upande wa Kavirondo, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini. Wakauawa Busoga mwezi wa kumi, isipokuwa wachache. Jones akawarudisha waliobaki kwa miguu mpaka Rabai, mwanzoni mwa 1886, na mbele yao walibeba bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Mnalijua jina hilo katika 1 Samweli, sura ya 4, mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, na mama yake akamwita hivyo kwa kuwa utukufu umeondoka. Fikirini wanawake waliotoka kuwatazama wapagazi wakipanda kilima kile, kila mmoja akitafuta uso wa mumewe.

Na mwaka uliofuata wakajenga.

Mtunzaji alitufungulia mlango. Karibu na hapo kuna jengo jingine la kale ambalo sasa ni makumbusho ya Krapf, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, lenye picha na maelezo ukutani. Na nyumba za Krapf na Rebmann zingali zinasimama. Tulizitembelea baadaye, na ye yote apendaye mambo ya kale hatajuta kutoa nauli yake. Ila Mzee alitaka kanisa kwanza. Aliingia akipapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kama mtu apimaye homa ya mtoto. Akapata benchi, akaketi. Mtunzaji akatuachia nafasi.

Nilikuwa nimeyatunga maneno yangu tangu Voi. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema, "Mzee, unaikumbuka ile barua?"

"Barua gani?" Lakini alijua.

"Ile niliyoandika juu ya udongo."

Alinyamaza kitambo. Nje jogoo aliwika, na mtoto fulani alikuwa akikariri hesabu kwa sauti.

"Mwalimu," akasema, "uliandika kwamba udongo wetu ni mwamba. Ulisema kweli. Hata mahindi yanajua." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini uliandika kwamba hukuona hata mche mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi pale. Nikajitazama. Nikajiuliza, kama mwalimu wangu hakuniona, mimi ni nini? Usiku ule sikuweza kuomba. Nilimwambia mke wangu huenda sikuokoka kweli."

Wasikilizaji wapendwa, nimehubiri mazishini na arusini, nimesimama mbele ya watu elfu kwa mkutano, nami sikuwa na neno. Kwa miaka hiyo yote nilidhani kosa langu lilikuwa kuchoka. Kuchoka si dhambi kubwa. Hata nabii Eliya alichoka, akalala chini ya mti. Kosa langu lilikuwa kwamba nilihesabu watu, na mtu mmoja aliyekuwa mbele yangu nikamhesabu sifuri. Macho yangu yalikuwa mazima.

Nikamwambia, "Nisamehe."

Hakunijibu. Nawaambieni kama ilivyokuwa, maana katika mahubiri yetu tunapenda kila mtu asamehe papo hapo na kwaya iimbe. Aliniambia, "Niambie kwanza madirisha ni mangapi." Nikamhesabia. Akauliza mwanga unaingia upande gani, na madhabahu iko wapi, na mabenchi ni ya mti gani, nami mti sikuujua. Nikamweleza kila kitu nilichoweza, mpaka koo likakauka. Kisha akaomba tuombe, akaomba yeye, kwa Kikamba. Aliwaombea watoto wake wa shule ya Jumapili mmoja mmoja kwa majina, wale walio Nairobi na wale walio Mombasa bandarini, na mmoja aliye muuguzi Kitui, na mmoja aliye gerezani. Niliwahesabu kwa vidole vyangu, na vidole vikaisha, nikaanza tena, vikaisha tena. Hawa wote walipita katika mikono yake, katika kanisa la mabati, baada ya mimi kuondoka. Jumapili hawaonekani pale kwa sababu maisha yamewapeleka mbali. Mtu akija leo na daftari ataandika kwamba hakuna kitu.

Tulipotoka jua lilikuwa limepanda. Alinishika kiwiko. Njia ya kushuka ina mawe, na mara mbili nusura aanguke, na mara moja nusura mimi nianguke, akanishika yeye. Mama wa chai akatupa dafu mbili, akakataa fedha. Mzee alikunywa akasema maji ya Ukambani yangekuwa na ladha hii, watu wangejaa kanisani kila siku.

Ndani ya tuktuk, tukirudi Mazeras, alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Mwalimu, kwetu somo la kwanza husomwa na mimi. Nimelisoma miaka yote hii. Sasa herufi zinanikimbia. Jumapili ya kwanza ya mwezi, basi la asubuhi linafika kituoni saa mbili. Kutoka hapo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, wajua mwenyewe."

Nikasema, "Nitafika."

Akasema, "Usije na sanduku kubwa. Safari hii sioni njia."

Nilikwenda Jumapili ile. Njia haijabadilika, ila miti ni michache na mawe ni mengi. Mlangoni alikuwa amesimama na fimbo, amevaa lile koti la Rabai. Ndani tulikuwa watu kumi na saba, pamoja na mtoto mchanga mgongoni mwa mamaye. Mzee akaketi benchi la mbele, akainamisha kichwa ili asikie vizuri. Nikafungua Biblia yake, iliyokuwa imechakaa pembe zote, nikalitafuta somo la siku, nikasoma. Na tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza, ndiko ninakokuwa; kwa hiyo wale wa mjini mnaoniuliza mbona sionekani, sasa mmejua.

Bwana awe nanyi siku ya leo, kazini na nyumbani. Kwaherini.